Trauti wa Mto South Platte na Ushahidi wa Chupa za Makumbusho

Katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, katika nyumba ya elimu ya viumbe ya Philadelphia, katika Chuo cha Sayansi cha California na katika makumbusho ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Harvard, mlikuwamo tangu zamani samaki waliolowekwa katika spiriti, waliovuliwa kati ya mwaka 1857 na 1889 katika mito ya milima ya magharibi ya Marekani na wasafiri wa elimu, ambao kila walipomwona kiumbe asiyejulikana kwao walimtia chupani, wakaandika mahali alipotoka na wakati alipovuliwa, kisha wakampeleka kwa wanazuoni. Walinzi wa chupa hizo walipokezana kizazi baada ya kizazi, wala hapana hata mmoja aliyejua kwamba ingefika siku ambapo samaki hao, waliokufa kabla ya kuzaliwa mtu yeyote aliye hai leo, wangeitwa kutoa ushahidi katika shauri zito: ni samaki gani hasa aliye mwenyeji wa Mto South Platte, na je, yu hai bado?

Mwenyeji huyo ni trauti, na katika trauti ni wa ukoo ule unaotambulikana kwa michirizi miwili myekundu chini ya taya, kama kwamba amechinjwa akapona, na ndiyo maana Wamarekani wakamwita trauti wa koo lililokatwa. Ukoo huo umegawanyika katika matawi mengi, kila tawi na mto wake, na lile la South Platte likapewa jina la trauti wa mgongo chanikiwiti. Mgongo wake huelekea rangi ya majani mabichi, ubavu wake ni wa dhahabu iliyofifia, na madoa yake meusi ni makubwa na ya mviringo, machache kichwani na mengi yaliyosongamana karibu na mkia; na msimu wa kuzaa ufikapo, theluji inapoyeyuka na vijito kufurika, tumbo la dume huwa jekundu sana hata mtazamaji akadhani ametiwa rangi kwa mkono. Si samaki mkubwa. Katika vijito vya juu, ambako maji ni baridi mwaka mzima na chakula ni wadudu wa msimu mfupi tu, ni nadra kuzidi urefu wa futi moja, na maisha yake yote aweza kuyamaliza katika kidimbwi ambacho mtu angekiruka kwa hatua moja.

Maskani yake ni jimbo la Colorado, katika Milima ya Rocky, yenye vilele vingi vinavyopita mita 4,000. Uti wa milima hiyo huyagawa maji ya bara zima: yaangukayo upande wa magharibi hushuka kuelekea Bahari ya Pasifiki, na yaangukayo mashariki huenda Ghuba ya Meksiko kwa njia ya Mto Missouri na Mto Mississippi. South Platte ni mto wa upande wa mashariki. Hukusanya vijito vya milimani, ukateremka penye mji wa Denver, ukapasua nyika hata kukutana na ndugu yake North Platte katika jimbo la Nebraska. Trauti walioingia katika vijito hivyo zama za barafu, wakakatiwa njia ya kurudi na maporomoko na majabali, walikaa peke yao kwa maelfu ya miaka, na katika upweke huo wakapata umbo na nasaba isiyofanana na ya jamaa zao wa ng'ambo ya pili ya milima. Nchi yenyewe ilikuwa ya Waarapaho na Wacheyenne katika nyika na Waute katika milima, na kwa mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1851 serikali ya Marekani ilikiri kwamba ardhi iliyopo baina ya Mto North Platte na Mto Arkansas ni ya Wacheyenne na Waarapaho.

Haukupita muda mrefu kabla mkataba huo haujakanyagwa. Mwaka 1858 dhahabu ilionekana katika mchanga wa vijito viingiavyo South Platte, na mwaka uliofuata watu kwa makumi ya maelfu wakamiminika, wenye magari ya ng'ombe na wenye miguu mitupu, kila mmoja na koleo lake. Waliochimbua mto kutafuta chembe za dhahabu walichimbua pia changarawe ambamo trauti hutaga mayai yake. Viwanda vya mbao vikamwaga unga wa msumeno majini. Machimbo ya madini yakatiririsha sumu ya mawe yaliyopondwa. Wakulima wa nyikani wakayageuza maji mashambani hata mto ukakauka kiangazi. Na kwa kuwa wachimbaji walikuwa na njaa na masoko ya Denver yalilipa vizuri, wavuvi walitoa samaki milimani kwa nyavu, na wengine kwa baruti, wakawauza kwa uzito kama wauzavyo viazi. Katika muda wa miaka thelathini hivi samaki aliyekuwa riziki ya kila kambi alikuwa amekwisha katika mito mingi mikubwa.

Hata hivyo uchimbaji, uvuvi na ukame havikumdhuru samaki huyu kama alivyodhuriwa na watu waliotaka kumsaidia. Mwaka 1871 serikali kuu ya Marekani iliunda tume ya samaki chini ya mwanazuoni Spencer Baird, ili irudishe katika mito wingi wa samaki uliopotea, na imani ya zama zile ilikuwa kwamba samaki ni mbegu, na mto ni shamba. Likipungua, hupandwa tena, na aina ya mbegu si kitu maadamu shamba limejaa. Mwaka 1872 mtumishi wa tume hiyo, Livingston Stone, alifungua kituo kando ya Mto McCloud katika California, na kutoka mto huo mayai ya trauti wa upinde wa mvua yakasambazwa Marekani yote na nchi za mbali. Mabehewa maalumu ya gari moshi, yenye matangi na barafu, yalikwenda kutoka pwani mpaka pwani yakigawa vifaranga wa samaki katika stesheni. Mwaka 1889 ikajengwa huko Leadville, katika Colorado yenyewe, nyumba ya serikali ya kutotolea samaki, ambayo ipo mpaka leo. Trauti wa kijito aliletwa kutoka mashariki ya Marekani, trauti wa upinde wa mvua kutoka pwani ya Pasifiki, na trauti wa rangi ya hudhurungi kutoka Ulaya. Wa kwanza na wa tatu wakamshinda mwenyeji katika kugombania chakula na mahali, na wa pili akaoana naye hata kizazi kikachanganyika.

Hesabu zilizokuja kukusanywa baadaye zashtua. Kati ya mwaka 1885 na 1953 mawakala wa serikali ya jimbo na ya shirikisho waliandika zaidi ya mara 40,000 za kumwaga samaki katika maji ya Colorado, na jumla ya samaki hao ilipita milioni 750. Na miongoni mwao walikuwamo, kwa mamilioni mengi, trauti wa koo lililokatwa waliototolewa kutokana na mayai yaliyokusanywa katika Trappers Lake, ziwa lililo upande wa magharibi wa uti wa milima, yaani trauti wa Mto Colorado, ndugu wa mwenyeji wa South Platte afananaye naye sana kwa macho, lakini asiyekuwa yeye. Waliomwaga hawakuona tofauti, wala haikuwa desturi kuitafuta. Waliandika katika madaftari yao kwamba wamemwaga "trauti wa asili", wakaendelea na safari.

Desturi hiyo ya kupanda samaki ilifika hata kwetu, na msomaji wa Nyeri au wa Kinangop asishangae akisikia kwamba mto wake una nafasi katika historia hii. Mwaka 1905 mayai ya trauti wa hudhurungi yaliletwa kutoka Loch Leven, nchi ya Uskoti, yakatiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua, ili walowezi wa Kiingereza wapate mchezo wa kuvua. Na mwaka 1910 trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni pwani ile ile ya Pasifiki, akaingia kwa njia ya Afrika Kusini. Mwaka 1948 huko Kiganjo kikawekwa kituo cha kutotolea mayai yao. Samaki hao wamezoea milima yetu, na wengi wetu tumekula nyama yao kwa shukrani. Lakini waliingizwa kwa fikira ile ile ya kujaza shamba, na kwa kutojali kule kule kuuliza ni nani alikuwa ndani ya maji kabla yao.

Turudi Colorado. Katika miaka ile ya 1870 na 1880, wakati serikali ikijaza mito, alikuwako karibu na mji wa Colorado Springs mtu mmoja aitwaye Joseph C. Jones, aliyejipatia shamba juu ya Bear Creek, kijito kiteremkacho kutoka mlima wa Pikes Peak. Njia ya farasi ya kupandia mlima huo ilipita hapo, na wageni wa mashariki waliopenda kuona kilele walikuwa wengi. Jones akatamani kuwapokea, akachimba mabwawa, akaleta trauti wa kuwavutia wageni wapendao kuvua. Kwa dalili zote, samaki aliowaleta aliwatoa katika mto ulio jirani zaidi wenye trauti wazuri, nao ni South Platte. Bear Creek si mto wa South Platte. Maji yake huenda Fountain Creek, na Fountain Creek huingia katika Mto Arkansas, kwa hiyo trauti hawa walihamishwa kutoka kwao wakatiwa katika nchi ya ugenini. Biashara ya Jones haikudumu. Mahali pale pakabaki kuitwa Jones Park, na samaki wake wakatoka mabwawani wakaingia kijitoni, wakazaana huko kwa zaidi ya miaka mia bila mtu kuwashughulikia.

Huko kwao South Platte hali ilizidi kuwa mbaya, hata mwaka 1937 wataalamu wakatangaza kwamba trauti wa mgongo chanikiwiti ametoweka duniani. Miaka ishirini ikapita. Kuanzia mwaka 1957 katika vijito vidogo vya milimani, kikiwamo Como Creek, juu ya mji wa Boulder, wakaonekana trauti wenye madoa makubwa walioonekana kuwa safi bila kuchanganyika, na katika miaka iliyofuata wakapatikana wengine katika vijito vingine vichache. Mwanazuoni Robert Behnke wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ambaye katika elimu ya trauti wa Amerika alikuwa hujja isiyokuwa na mpinzani, aliwachunguza kwa njia iliyokuwapo wakati wake, yaani kuhesabu magamba ya ubavuni na kupima madoa. Na kwa kuwa trauti wa South Platte alisifika kwa magamba mengi kuliko ndugu zake wote, na samaki hawa walikuwa na magamba mengi, aliridhika kwamba ndiye.

Furaha ikawa kubwa, na kazi ikafuata furaha. Samaki aliandikwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka, akalindwa kwa sheria; mwaka 1978 akahamishiwa daraja la hatari ndogo zaidi, yaani la wanaotishiwa; vizazi vyake vikatolewa Como Creek na kwingineko vikapelekwa katika maziwa na mito ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rocky na penginepo; wafanyakazi wakapanda milima wakibeba vifaranga mgongoni; makusudio yakawekwa kuwa na jamii ishirini zinazojitegemea, ili samaki aondolewe katika orodha ya hatari kabisa. Mwaka 1994 jimbo la Colorado likamtawaza kwa sheria kuwa samaki wake rasmi, mahali pa trauti wa upinde wa mvua aliyekuwa akipewa heshima hiyo kabla. Kufikia mwanzo wa karne hii mpya, lengo lilionekana kukaribia, na kisa cha trauti huyu kikawa kinasimuliwa kama mfano wa kiumbe aliyeokolewa.

Kumbe zaidi ya nusu ya hao waliookolewa hawakuwa yeye. Mwaka 2007 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Colorado, akiwamo Jessica Metcalf, walipochunguza vinasaba vya jamii tisa zilizokuwa zikihesabiwa kuwa za trauti wa mgongo chanikiwiti, waliona kwamba tano kati yake zilikuwa za trauti wa Mto Colorado, yaani wazao wa wale waliomwagwa kutoka upande wa magharibi wa milima. Watu wengi walikataa kuamini. Na wenye shaka walikuwa na neno la haki, kwamba huwezi kusema samaki fulani si mwenyeji maadamu hujui kwa yakini mwenyeji mwenyewe alikuwaje kabla mito haijachafuliwa. Swali hilo lisingeweza kujibiwa na samaki yeyote aliye hai, kwa kuwa kila aliye hai alikuwa mtuhumiwa.

Hapo ndipo chupa za zamani zilipokumbukwa. Katika hili pana jambo moja la bahati njema ambalo wasomi huliita dogo nami naliona kubwa: samaki wa kabla ya mwaka 1890 walihifadhiwa katika pombe, ilhali wa baadaye waliwekwa katika fomalini, dawa iliyoanza kutumiwa katika miaka ya 1890, ambayo huuhifadhi mwili vizuri sana na kuviharibu vinasaba vibaya sana. Lau wasafiri wa zamani wangevua miaka michache baadaye, kazi hii ingekuwa ngumu kupita kiasi. Metcalf na wenzake walikata vipande vidogo vya nyama na mapezi ya samaki wa kati ya mwaka 1857 na 1889, wakavisoma katika maabara zaidi ya moja ili pasiwe na shaka ya uchafu wa mikono ya watu. Na upande wa pili Chris Kennedy, mtumishi wa idara ya shirikisho ya samaki na wanyamapori, alipekua madaftari na taarifa za zamani ili kujua ni samaki gani walimwagwa wapi na mwaka gani. Maandishi na miili vikawekwa pamoja, ushahidi juu ya ushahidi.

Majibu yalichapishwa mwaka 2012, na hayakumpendeza mtu. Trauti wa South Platte wa karne ya kumi na tisa walikuwa na nasaba yao mahususi, lakini nasaba hiyo haikuonekana katika Como Creek, wala katika jamii zile nyingine zilizotangazwa kuwa zimeokolewa, wala katika mto wowote wa bonde la South Platte. Ilionekana mahali pamoja tu katika ulimwengu mzima: Bear Creek, katika kipande cha maji kisichopita maili nne, ambamo waliishi samaki wasiofika 800, wote wazao wa mabwawa ya Joseph C. Jones.

Wako waliolichukua jambo hili kuwa aibu ya wataalamu, na magazeti mengine yaliwakejeli. Mimi sikubaliani nao. Behnke alitumia mizani bora iliyokuwapo, na wale waliobeba vifaranga mgongoni walifanya kazi njema kwa nia safi, tena hata trauti wa Mto Colorado ni kiumbe adimu anayestahili ulinzi. Kasoro haikuwa katika mikono yao bali katika madaftari ya waliowatangulia, walioandika "trauti wa asili" bila kusema asili ya wapi, na kwa neno hilo moja lisilotimia wakawapotosha wajukuu zao kwa miaka hamsini. Samaki hakupotea kwa sababu watu hawakumpenda. Alipotea kwa sababu watu waliompenda hawakujua kwa hakika ni yupi, na yule aliyewajulisha alikuwa mvuvi wa mwaka 1857 au 1870 aliyejisumbua kuandika jina la mto.

Wala si kisa cha mto mmoja. Katika chupa hizo hizo zilizochunguzwa walikuwamo samaki wa Mto San Juan, kusini ya Colorado, waliovuliwa karibu na Pagosa Springs mwaka 1874, na vinasaba vyao vikaonyesha tawi jingine la trauti ambalo hapana aliyelijua, na ambalo kwa kuwa halikuonekana katika mto wowote lilihesabiwa limekwisha. Lakini walipokwisha kujua wanatafuta nini, maofisa wa wanyamapori walianza kupekua vijito vya mbali kimoja kimoja, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba wazao wa tawi hilo wamepatikana wakiwa hai katika vijito vichache vilivyojificha. Bila ya chupa ya mwaka 1874 wangaliwapita, kama walivyokwisha kupitwa kwa zaidi ya karne.

Baada ya mwaka 2012 kazi ilianza upya, na safari hii kwa hofu, kwa maana nasaba nzima ilikuwa ikitegemea kijito kimoja ambacho moto mmoja wa msitu au gharika moja ingeweza kukifuta. Bear Creek yenyewe ilikuwa katika dhiki: njia ya pikipiki iliyopita kando yake ilikuwa ikimomonyoa udongo na kuuangusha majini, ukifunika changarawe za kutagia, hata wenye uchungu na samaki wakashtaki mahakamani, na njia ikafungwa kwa pikipiki kisha ikahamishwa mbali na maji. Tena samaki wenyewe, kwa kuwa wote walitokana na wazazi wachache wa mabwawa ya Jones, walikuwa wameoana ndani kwa ndani kwa vizazi vingi, na damu iliyochoka hujionyesha katika uzazi: mayai mengi yaliyochukuliwa kwao na kupelekwa katika nyumba za kutotolea hayakuanguliwa, na baadhi ya vifaranga walizaliwa na vilema. Watumishi wa Leadville na wa kituo cha Mount Shavano, kule Salida, walifanya kazi ya ukunga yenye subira kubwa, wakichagua ni dume yupi akutanishwe na jike yupi ili tofauti ndogo zilizosalia zisipotee. Katika Leadville ile ile ambayo mwaka 1889 ilifunguliwa ili kuijaza mito ya milima hiyo samaki wa kila aina, sasa walilelewa wenyeji.

Mwaka 2014 trauti wa Bear Creek walitiwa katika Zimmerman Lake, ziwa dogo la milimani ndani ya bonde la South Platte, ili wawe akiba na chemchemi ya mayai. Mwaka 2016 wakarudishwa katika Herman Gulch, kijito kiingiacho katika Clear Creek, mto uliochimbuliwa sana katika siku za dhahabu. Kabla ya kuwatia humo ilibidi kwanza kuwaondoa wageni wote waliokalia maji, na dawa iliyotumika ni rotenoni, sumu ya mizizi na majani ya mimea ambayo watu wa Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa nguvu zake, maana ni ya jamii ile ile ya sumu iliyomo katika utupa, unaopondwa na wavuvi wetu tangu kale na kutiwa majini ili samaki walegee. Kijito kikasafishwa, sumu ikaisha, kisha watu wa kujitolea wakapanda mlimani wakiwabeba trauti katika mifuko ya maji iliyofungwa mgongoni, wakawafungulia.

Kuweka samaki mtoni si kazi ngumu; historia yote hii ni ya watu walioweka samaki mitoni. Lililokuwa likingojewa ni kuona kama watazaa wenyewe, mayai yao yaanguliwe katika changarawe ya kijito pasipo msaada wa mtu, vifaranga wapone baridi ya miezi saba, wakue, nao watage. Miaka ikawa inapita, wachunguzi wakirudi kila kiangazi kuhesabu. Mwezi wa Septemba 2022 idara ya mbuga na wanyamapori ya Colorado ilitangaza kwamba katika Herman Gulch trauti wa mgongo chanikiwiti wanazaliana wenyewe, jambo lisiloonekana katika maji ya kwao tangu karne iliyopita, na kwamba juhudi zinaendelea katika vijito vingine.

Katika sheria bado ni samaki anayetishiwa, kama alivyoandikwa mwaka 1978. Nami, kwa kuwa mito ya Nyandarua na ya Mlima Kenya imepokea trauti wa kigeni vile vile, na kwa kuwa wako samaki wadogo wenyeji wa milima yetu ambao hawana mwandishi wala mlezi, nawasihi wakuu wa makumbusho na vyuo vya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na kila mvuvi aliye na kalamu, wasimtie samaki mgeni katika maji yoyote, wala wasimwache mwenyeji apotee, kabla hawajamhifadhi mwenyeji huyo katika chupa ya spiriti na kuandika jina la kijito, siku na mahali. Gharama yake ni ndogo, na hapana kazi nyingine ya elimu itakayoweza kufanywa baadaye mahali pake.